KIOO CHA KOMPYUTA NA MACHO YA KATIBU

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nduguti, Wilaya ya Mkalama



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari la chama cha msingi lilikuwa kitabu chenye jalada gumu, kalamu ya wino na taa ya chemli mezani. Leo daftari hilo limehamia katika kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa jina la MUVU, na kumbukumbu nyingi za chama sasa huandikwa katika mashine. Katibu aliyekuwa akitazama karatasi sasa hutazama kioo kinachowaka, tangu asubuhi hadi jioni, hasa wakati wa msimu wa alizeti na dengu.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi chama chenye fedha kidogo kiwezavyo kuchagua kioo cha kompyuta, ambacho mafundi hukiita monita, kitakachofaa kazi ya kila siku bila kuyaumiza macho ya mtumishi.

Huenda mwanachama akasimama mkutanoni na kuuliza: "Je, fedha za wakulima zitumike kumstarehesha katibu?" Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu. Na uchukuliwe mfano wa mkulima aliyeleta alizeti kilo 380. Jioni, macho ya karani yakiwa yamechoka, tarakimu 8 yaonekana kama 3, naye aandika kilo 330. Kilo 50 za jasho la mkulima zimepotea, wala hakuna mwizi. Au tarakimu moja ya akaunti ya benki ikosewe, na malipo yacheleweshwe hadi wakati wa ada za shule umepita. Mkulima hatalaumu kioo. Atalaumu chama, na imani ikiondoka ushirika hauna kilichobaki. Kwa hiyo kioo kizuri ni sehemu ya mizani ya chama. Hakuna anayekubali mizani mibovu kwa sababu tu ni ya bei rahisi.

Yafaa pia historia ikumbukwe. Wizara ya Fedha ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo hilo liliondolewa miaka mingi baadaye. Fundisho linalobaki ni kwamba mashine isinunuliwe kwa sababu ni mpya au ni ya fahari. Kwanza ijulikane kazi, kisha ajulikane mtu atakayeifanya, ndipo itafutwe mashine.

Kazi ya katibu ni kusoma tarakimu na majina, kuandika barua, na kujaza safu za hesabu. Si kutazama sinema wala kucheza michezo. Basi mambo yafuatayo ndiyo ya kuangaliwa.

La kwanza ni ukubwa wa kioo na wingi wa nukta zake. Kioo hupimwa kwa inchi, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Picha yake hujengwa kwa nukta ndogo ndogo, na vioo vingi vya bei nafuu vina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Nukta hizo zikitandazwa katika kioo cha inchi 24, kila moja huwa na upana wa karibu milimita 0.28, na maandishi hutoka safi. Zikitandazwa katika kioo cha inchi 27 huwa karibu milimita 0.31, na kingo za herufi huanza kuonekana zimekwaruzika. Hivyo kioo kikubwa zaidi si lazima kiwe bora zaidi. Kwa ofisi ya chama, inchi 22 hadi 24 zatosha, na safu za hesabu huonekana kwa pamoja bila kusogezwa huku na huku. Kioo cha zamani cha inchi 19 chenye umbo la karibu mraba chaweza kusaidia kwa barua, lakini kwa jedwali pana ni kifinyu.

La pili ni aina ya kioo. Aina ijulikanayo kama TN hufifia na kubadilika rangi kikitazamwa kutoka pembeni au kutoka chini. Aina ya IPS hubaki vilevile kwa kila upande. Aina ya VA ina weusi mzito, lakini nayo hupauka kidogo pembeni. Jambo hili lina maana ya pekee katika ushirika. Mkulima anapoleta mzigo, ana haki ya kusimama kando ya karani na kuona kilo zake zikiandikwa. Kioo kinachosomeka kwa mtu aketiye mbele peke yake humnyima mwanachama haki hiyo. Kwa hiyo, bei zikikaribiana, ichaguliwe IPS.

La tatu ni utulivu wa mwanga. Vioo vingine hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima mara nyingi katika sekunde moja. Jicho halioni mchezo huo waziwazi, lakini watu wengine huumwa kichwa na kuchoka. Kuna njia mbili rahisi za kujaribu dukani. Mwanga wa kioo upunguzwe hadi karibu na mwisho, kisha kitazamwe kupitia kamera ya simu. Michirizi mipana myeusi ikipita, kuna shaka. Ama kalamu ipungwe upesi mbele ya ukurasa mweupe. Zikionekana kalamu nyingi zilizotengana badala ya ukungu mmoja, mwanga huo unawaka na kuzimika. Muuzaji mwaminifu hatakataa jaribio la dakika moja.

La nne ni mng'aro. Jua la Singida ni kali, na ofisi nyingi zina dirisha kubwa lisilo na pazia. Kioo king'aacho kama maji huonyesha dirisha, shati jeupe na uso wa msomaji juu ya hesabu. Ichaguliwe sura isiyong'aa. Kisha kioo kiwekwe ubavuni mwa dirisha. Dirisha lisiwe nyuma ya kioo wala nyuma ya mgongo wa katibu. Mwanga wa kioo nao ulingane na mwanga wa chumba. Karatasi nyeupe ishikwe kando yake: kioo kikiwaka kama taa kuliko karatasi, kipunguzwe, kikionekana kijivu, kiongezwe.

La tano ni mguu. Agizo la nchi za Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1990 kuhusu kazi za kompyuta lilitaka taswira iwe tulivu, mwanga uweze kurekebishwa, na kioo kiweze kugeuzwa na kuinamishwa kwa urahisi. Masharti hayo ni kipimo chema hata kwa ofisi ya kijijini. Vioo vya bei nafuu aghalabu huinama tu wala haviinuki. Hilo si kikwazo: kipande cha ubao kilichorandwa na seremala chaweza kukiinua. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na umbali uwe urefu wa mkono, yaani sentimita 50 hadi 70. Avaaye miwani yenye sehemu mbili akishushe zaidi, asije akainua kidevu kutwa nzima na kuumwa shingo.

La sita ni umeme na viungo. Kioo cha kisasa cha inchi 24 hutumia takriban wati 20. Kwa saa nane kwa siku, uniti moja ya umeme hukiendesha kwa siku sita. Kioo cha zamani chenye kisogo kirefu hutumia takriban wati 75, na uniti hiyo hiyo haimalizi siku mbili. Chama kinachotegemea umeme wa jua kisikubali kioo cha namna hiyo hata kikitolewa bure. Kadhalika, kabla ya kununua, itazamwe tundu la kompyuta iliyopo. Kompyuta nyingi za zamani zina tundu la VGA, na mpya zina HDMI. Kioo chenye yote mawili huepusha safari ya pili ya kutafuta waya.

Chama chenye kompyuta ya mkononi hakina haja ya kununua mashine nyingine. Kioo cha nje huunganishwa nayo, na umeme ukikatika kazi huendelea katika kioo chake kidogo.

Kuhusu vioo vilivyotumika, ambavyo huletwa kwa wingi kutoka nchi za nje, visidharauliwe wala visiaminiwe upesi. Kiwashwe kwa muda wa nusu saa. Ukurasa mweupe wote uonyeshe kama kuna madoa, pembe zilizofifia au rangi ya manjano. Ukurasa mweusi uonyeshe nukta mbovu zinazobaki zikiwaka. Risiti idaiwe, na muda wa dhamana uandikwe. Rahisi isiyo na risiti huwa ghali wakati wa ukaguzi.

Yako pia mambo ambayo mnunuzi asitozwe fedha za ziada kwa ajili yake. Kasi kubwa ya picha ni ya wachezaji. Kwa hesabu, mara 60 au 75 kwa sekunde zatosha. Na yale matangazo ya kukinga mwanga wa buluu yapokewe kwa tahadhari. Mwaka 2023 jopo la Cochrane lilipitia majaribio 17 ya miwani ya kuchuja mwanga huo, na halikuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho wa watumiaji wa kompyuta kwa muda mfupi.

Uchovu mwingi watoka kwingine. Mtu akikazia macho kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na jicho hukauka. Upepo na vumbi la kiangazi huzidisha ukavu huo. Dawa yake haiuzwi dukani: kila baada ya dakika 20, katibu atazame kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20, na apepese kope kwa makusudi. Herufi ziongezwe ukubwa katika programu bila kuona haya. Tena, mtumishi aliyefikia umri wa miaka 40 au zaidi na ambaye husogeza karatasi mbali ili asome, huenda anahitaji miwani ya kusomea. Akapimwe hospitali kabla kioo hakijalaumiwa, kwani hakuna kioo kiwezacho kufanya kazi ya miwani.

Utunzaji nao ni sehemu ya ununuzi. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu kikiwa kimezimwa, pasipo spiriti wala sabuni ya unga. Jioni kifunikwe kwa kitambaa kuzuia vumbi, lakini kisifunikwe kikiwa kinawaka, maana matundu ya hewa yataziba.

Kwa muhtasari, bodi ya chama yaweza kuandika katika kumbukumbu zake masharti haya: inchi 22 hadi 24, nukta 1920 kwa 1080, aina ya IPS, sura isiyong'aa, mwanga usiochezacheza, matundu yanayolingana na kompyuta iliyopo, risiti na dhamana. Masharti yakiandikwa kabla ya safari ya dukani, mnunuzi hatashawishika na maneno ya muuzaji, na wanachama watakuwa na kipimo cha kumhoji.

Na atakayepelekwa dukani asiende peke yake. Aende na yule atakayeketi mbele ya kioo hicho, kwa kuwa macho yatakayokitazama ndiyo yenye haki ya kukijaribu. Aende na ukurasa mmoja wa hesabu za mapokezi uliohifadhiwa katika kompyuta, aufungue pale pale, asogee nyuma urefu wa mkono, asome kilo za wakulima kumi mfululizo. Akizisoma zote sawasawa bila kukunja uso, kioo kimefaulu.