Harufu ya Mpira Kuungua Garini: Chanzo Chake na Matengenezo Yake

(Mada kwa wakazi wa kata, madereva na wamiliki wa vyombo vya usafiri)



Abiria aliyewahi kushuka kwa Noah au basi dogo kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo anaijua harufu hii. Kona zinapokaribia kwisha na joto la tambarare linapoanza kusikika, harufu kali kama ya kandambili iliyotupwa motoni hupenya madirishani. Mmoja hufunga kioo, mwingine hujiziba pua kwa khanga, na mazungumzo yanaendelea. Watu wamekwisha kuamini kwamba mlima ukiwa mkali, gari sharti linuke.

Imani hiyo ni ya hatari. Harufu ya mpira kuungua ni dalili ya joto lililozidi kiasi, na wakati inapojitokeza ndio unaoonyesha mahali lilipo. Mwenye gari anayefika gereji na kusema tu kwamba "gari linanuka" humlazimisha fundi kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye gari, kwa kununua spea ambayo haikuhitajika. Anayeeleza kwamba harufu ilitokea gari likishuka, au likipanda, au mara tu baada ya kuwashwa, amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Harufu ya wakati wa kushuka hutoka kwenye breki. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko karibu mita 1,000 chini yake. Gari lililojaa watu, na juu yake magunia ya viazi na kabichi, linaposhuka kimo hicho chote, nguvu ya uzito wake haina budi kuishia mahali fulani. Dereva anayetumia gia ndogo huifanya injini ibebe sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anayeweka gia huru kwa nia ya kuokoa mafuta huzitwika breki mzigo wote. Pedi zikipata joto la kupita kiasi, gundi inayoshikanisha chembe zake huanza kuungua, na hiyo ndiyo harufu yenyewe. Kuanzia hapo mshiko hupungua, na dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi ili kupata kazi ileile.

Hatua inayofuata ndiyo inayoua. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishalowa, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, hutoa mapovu ndani ya mabomba; pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2, hata kama chupa yake imejaa. Wamiliki wengi huongeza tu yanapopungua, jambo ambalo haliyaondoi yale yaliyochakaa.

Dereva anayesikia harufu hiyo akiwa mteremkoni anapaswa kusimama mapema, penye tambarare, pedali ikiwa bado ngumu. Magurudumu yazuiwe kwa mawe na gari liachwe kwenye gia. Breki ya mkono isivutwe ikiwa magurudumu yanafuka joto. Maji yasimwagwe juu ya diski, kwani chuma chenye moto kikipozwa ghafla hupinda au hupasuka. Breki ziachwe zipoe zenyewe, hata kama itachukua nusu saa na abiria wakanung'unika. Baada ya hapo gari lishuke kwa gia ileile ambayo lingehitaji kupandia mahali hapo. Gari la gia otomatiki nalo lina nafasi ya L au 2, ambayo madereva wengi hawajawahi kuigusa. Abiria anayemwomba dereva asimame hamvunjii heshima. Naye ana maisha yake ndani ya gari hilo.

Harufu ikija wakati wa kupanda, au wakati wa kuondoka mlimani na mzigo, mtuhumiwa ni klachi. Dalili yake ni injini kuunguruma zaidi ilhali mwendo hauongezeki. Mara nyingi chanzo ni mguu unaopumzishwa juu ya pedali, au gari kushikiliwa mlimani kwa klachi badala ya breki. Sahani iliyokwisha hubadilishwa pamoja na presha na beringi yake, na fundi akague kama sili ya injini inavujisha oili, la sivyo sahani mpya nayo itateleza.

Katika barabara tambarare, gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake, huku gari likivutia upande mmoja, kalipa imekwama. Hilo hutokea zaidi baada ya gari kulala siku nyingi wakati wa masika. Joto lipimwe kwa kusogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Pini zake husafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto, na pedi hubadilishwa pande zote mbili. Gari lililozidishiwa mzigo nalo huweza kunuka kwa tairi kusuguana na bodi. Dawa yake ni kupunguza mzigo.

Harufu inayoambatana na mlio mkali wakati wa kuwasha gari hutoka kwenye mkanda wa injini. Injini izimwe kwanza, ndipo mkanda ukaguliwe kama una nyufa au unang'aa, na puli zizungushwe kwa mkono, kwani beringi iliyoganda huunguza hata mkanda mpya. Kupaka sabuni au grisi ili mlio unyamaze ni kuficha ugonjwa, na katika magari mengi mkanda huohuo ndio unaoendesha pampu ya maji.

Harufu ya plastiki, iliyo kali zaidi puani, huashiria waya. Hapo injini izimwe, watu washuke, na betri itenganishwe ikiwa hakuna moshi. Moshi ukitoka chini ya boneti, boneti isifunguliwe, kwa kuwa hewa huchochea moto; Zimamoto hupatikana kwa namba 114. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya.

Pedi na klachi mpya huweza kunuka kidogo katika siku za mwanzo, na hilo ni la kawaida. Harufu ikidumu zaidi ya wiki moja, gari lirudishwe kwa fundi yuleyule aliyezifunga.