Ngeli Kabla ya Msimbo: Kiswahili na Uundaji wa Programu za Wavuti kwa Modeli



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza mwanaisimu ana shughuli gani na uundaji wa programu za kompyuta. Katika mhadhara huu nitajenga hoja moja tu: kwamba katika njia mpya za kuunda programu za wavuti, sehemu kubwa ya ugumu imehama kutoka katika kuandika msimbo na kuingia katika kufafanua maneno. Kwa hiyo, mwanafunzi wetu anayejifunza njia hizo hana budi kuanza na lugha.

Nianze na dhana yenyewe. Kwa desturi, mwundaji programu huiandikia kompyuta amri moja baada ya nyingine. Katika uundaji unaoongozwa na modeli, yeye hueleza kwanza vitu vinavyohusika, sifa zake na mahusiano yake. Kisha kompyuta huzalisha kanzidata, fomu na kurasa kutokana na maelezo hayo. Jumuiya ya Object Management Group ilitangaza utaratibu wa namna hii mwaka 2001. Katika miaka ya 2010 zikaenea zana za msimbo mchache, ambazo humwezesha hata asiye mtaalamu kuunda programu kwa kuchagua na kupanga vipengele kwenye kioo cha kompyuta.

Msemaji wa Kiswahili si mgeni wa utaratibu huu. Tunasema "kiti changu kizuri kimevunjika". Nomino ikiwa katika wingi, tunasema "viti vyangu vizuri vimevunjika". Badiliko limefanyika katika nomino, na sentensi nzima imefuata kwa kanuni ya upatanisho. Modeli ni kama ngeli ya nomino, na kurasa za programu ni kama viambishi vinavyoifuata. Hata hivyo, faida hiyo ina hatari yake: ukikosea ngeli, kosa huenea katika sentensi yote.

Hatari hiyo tunaweza kuipima kwa mfano wa Rufiji. Mwishoni mwa mwaka 1998 ilianza huko sensa ya awali ya mfumo wa ufuatiliaji wa kaya, chini ya mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada. Baada ya sensa hiyo, wadadisi walizirudia kaya mara tatu kwa mwaka, wakiandika vizazi, vifo na uhamiaji. Programu waliyoitumia, HRS, ilitokana na kazi ya Kituo cha Utafiti wa Afya cha Navrongo, Ghana, na shirika la Population Council. Haikuwa programu ya wavuti, lakini ilikuwa na kiini cha modeli: kaya, wakazi, matukio na kanuni za mantiki, kila kituo kingeweza kuongeza mambo yake juu ya kiini hicho. Takwimu zilizopatikana ziliiwezesha wilaya kulinganisha bajeti yake ya afya na mzigo wa maradhi. Asiyeingia katika hesabu, basi, hakuingia pia katika bajeti.

Sasa tumchukulie mwanafunzi anayeunda programu ya kuandikisha kaya za Mtawanya, katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Zana yake inamtaka ataje kitu kiitwacho "kaya" na makazi yake. Je, kaya ni nini? Tangu Operesheni Rufiji ya miaka ya 1968 na 1969, iliyowahamishia watu wa bondeni katika vijiji vya juu, familia nyingi za Warufiji zimekuwa na nyumba kijijini na dungu shambani. Msimu wa mpunga, mama anaweza kukaa dunguni kwa miezi na baadhi ya watoto, huku wengine wakibaki kijijini na bibi yao. Jina la Mtawanya, kwa umbo lake, linatukumbusha kitenzi "tawanya", nayo kaya ya namna hiyo imetawanyika kweli. Modeli inayodai makazi mamoja itamhesabu mama huyo kama aliyehama, au itamhesabu mara mbili, au itamwacha nje kabisa. Fomu itakuwa nadhifu, kurasa zitafunguka upesi, na kosa halitaonekana.

Hili si suala la kinadharia. Taarifa za MTUHA, zilizoanza kwa vitabu vya karatasi, sasa hukusanywa nchini kupitia DHIS2, programu ya wavuti iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuisimika. Ndani yake, msimamizi huongeza vipengele vya takwimu, vipindi na vituo bila kuandika msimbo. Kwa maneno mengine, anatunga kamusi ambayo wengine wataijaza.

Kiswahili kimekwisha kupiga hatua katika kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilitafsiri maneno yanayoonekana kwenye vitufe. Iliyobaki ni ya ndani zaidi, nayo ni kufikiri kwa Kiswahili wakati modeli inapotungwa.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi asifungue zana kabla ya kuandika, kwa Kiswahili, fasili ya kila kitu katika modeli yake, pamoja na mifano ya mpakani: mgeni, mke wa pili, mlinzi wa shamba aliye dunguni. Pili, fasili hizo zisomwe mbele ya watu watakaohesabiwa, kwa kuwa wao ndio wataalamu wa neno "kaya" kama linavyoishi kwao. Wanaleksikografia wetu washiriki katika kazi hiyo, maana kufasili ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kompyuta imetupunguzia uandishi wa msimbo. Wajibu wa kujua tunachokisema umebaki kwetu, na mama aliye dunguni anautegemea.