Kijana Aliyesema "Sijui": Masomo ya Juu ya Uhandisi wa Ujenzi ni Amana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana baada ya sala ya Alasiri)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo linaloleta mvutano katika nyumba nyingi. Kijana amehitimu shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi. Wazazi wanangoja mshahara wake, wadogo zake wanangoja karo, naye anasema anataka kurudi chuoni kwa shahada ya pili. Mzazi huuliza: "Miaka yote hiyo haikutosha?" Swali hili si la dharau. Ni swali la haki, nasi tutajaribu kulijibu kwa kisa kilichotokea katika msikiti wetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi tuliokuwa katika kamati tuliazimia kuongeza ghorofa moja juu ya madrasa. Watoto walikuwa wamezidi, wengine wakisomea barazani. Fedha zilichangwa, saruji na nondo zikanunuliwa, fundi akapatikana. Tukamwita kijana wetu mmoja, aliyekuwa na mwaka mmoja tu tangu ahitimu, atuchoree nguzo na mihimili. Yeye akauliza: msingi wa nyumba hii umekwenda chini kiasi gani, nao umekalia udongo gani? Hakuna aliyejua, waliojenga walikwisha fariki. Akasema: "Basi na mimi sijui kama utabeba. Hesabu ninazo, lakini hesabu yataka niijue ardhi kwanza, na ardhi ya namna hii sikuisoma vya kutosha." Mzee mmoja akamjibu kwa uchungu: "Mwanangu, tumekusomesha miaka yote hiyo ili uje utuambie hujui?"

Ndugu zangu, tunakiri kwamba siku ile wengi wetu tulikuwa upande wa mzee. Wapo waliotaka tumwache kijana na kuendelea na fundi. Ilibaki kidogo tu tufanye hivyo.

Sasa tueleze tofauti ya masomo haya mawili. Shahada ya kwanza humfundisha mhandisi mambo mengi, kila moja kwa kiasi chake: zege na chuma, barabara, maji, udongo, upimaji wa ardhi. Humfundisha kufuata kanuni zilizokwisha andikwa. Hilo ni jambo kubwa, na majengo mengi hayahitaji zaidi ya hapo. Lakini kanuni huandikwa na watu, kwa ardhi waliyoijua na vifaa walivyokuwa navyo. Kwa muda mrefu wahandisi wa nchi zetu wamefuata kanuni za Uingereza, na Waingereza wenyewe waliiondoa kanuni yao mashuhuri ya zege mwaka 2010, wakahamia zile za Ulaya. Je, ni nani atakayetuambia kanuni hizo zinafaa kiasi gani juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukipata maji na kunywea ukikauka? Hapo ndipo yanapoanzia masomo ya juu. Mwanafunzi huchagua tawi moja, huliingia kwa kina, kisha huandika tasnifu, yaani huuliza swali ambalo jibu lake halimo vitabuni, akalitafuta kwa kupima.

Elimu ya udongo yenyewe ilipatikana kwa njia hiyo, tena sehemu yake kubwa katika mji wa Istanbul. Mhandisi Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883, alikuwa amekwisha hitimu na kufanya kazi miaka mingi alipotambua kwamba wajenzi hawakuweza kueleza vizuri namna udongo unavyobeba mzigo. Mwaka 1916 alikwenda Istanbul kufundisha, na huko, kwa vifaa alivyojiundia mwenyewe, aliukandamiza udongo wa mfinyanzi na kuupima kwa subira. Akaonyesha kwamba udongo uliojaa maji ukiwekewa mzigo, maji ndiyo huubeba kwanza. Maji yanapotoka, polepole, mzigo huhamia kwenye udongo, nao hushuka. Ndiyo maana nyumba yaweza kuwa nzima siku ya kufunguliwa, ikaanza kupasuka baada ya miaka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1925, nacho huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya kisasa ya udongo.

Mtu aweza kusema: hayo ni ya Wazungu. La hasha. Fazlur Rahman Khan alizaliwa Dhaka mwaka 1929 katika nyumba ya Waislamu wa Bengali. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1950 huko huko kwao. Angeweza kutosheka nayo. Mwaka 1952 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, katika Chuo Kikuu cha Illinois, na kwa miaka mitatu akapata shahada mbili za uzamili na moja ya udaktari. Swali lililomshughulisha baadaye lilikuwa hili: jengo refu adui yake mkubwa ni upepo, je, lazima tulijaze chuma kingi ndani ili lisiyumbe? Akaona kwamba nguvu ikiwekwa kwenye kuta za nje, jengo husimama kama mwanzi, ulio mtupu ndani lakini hauvunjiki upesi. Kwa fikra hiyo, yeye na wenzake walijenga Chicago jengo la John Hancock lenye ghorofa 100, kisha Sears Tower lenye ghorofa 110 na urefu wa mita 442, ambalo tangu mwaka 2009 huitwa Willis Tower. Hilo lilikuwa refu kuliko yote duniani hadi mwaka 1998.

Wala hakuishia kwenye maghorofa ya matajiri. Baadhi yenu mliokwenda Hija mmepita chini ya mahema makubwa meupe ya kituo cha mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah. Mahema yale ni 210, yamening'inizwa kwa kamba za chuma juu ya nguzo ndefu. Hurudisha jua juu na kuacha joto litoke, ili umati wa mahujaji wakae kivulini pasipo kuta. Yeye alikuwa mmoja wa waliobuni kazi ile. Alifariki katika mji huo huo wa Jeddah mwezi Machi mwaka 1982. Basi mtazame jinsi miaka mitatu ya masomo ilivyozaa kivuli ambacho watu wasiomjua jina wamekaa chini yake.

Hata hivyo, enyi vijana, tunawaonya mambo matatu.

La kwanza, msiitafute shahada hii kwa ajili ya cheo. Aliyekwenda kusoma bila swali atarudi na karatasi. Fanyeni kazi kwanza ikibidi, mpaka mkutane na jambo lililowashinda, kisha mwende nalo chuoni.

La pili, shahada ya uzamili haishiki nafasi ya kazi ya mikono na macho. Hapa Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka mtu aonyeshe kazi aliyoifanya chini ya usimamizi kabla ya kumsajili kuwa mhandisi kamili. Msiwadharau mafundi, wengi wao wameona nyufa nyingi kuliko maprofesa.

La tatu, ndilo zito zaidi. Ijumaa ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo lilianguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Hatusemi kwamba shahada pekee huzuia misiba kama hiyo. Mara nyingi majengo huanguka kwa kuvunjwa kanuni ambazo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anazijua: saruji iliyopunjwa, ghorofa iliyoongezwa bila idhini. Elimu bila uaminifu humpa mtu maneno mazuri ya kuficha kosa. Lakini uaminifu bila elimu nao hautoshi, kwa maana mtu mwema asiyejua atatia sahihi kwa nia njema, na watu watalala chini ya sahihi hiyo.

Turudi kwenye madrasa. Tulisubiri. Saruji tuliiuza kabla haijaganda, watoto wakasoma kwa zamu. Kijana yule alipata nafasi ya shahada ya pili, akachagua tawi la udongo na misingi. Mwaka wa pili alikuja na mwalimu wake, wakachimba kando ya msingi, wakachukua udongo kwenda maabara. Ikaonekana kwamba nusu ya madrasa imekalia mwamba wa matumbawe, na nusu imekalia shimo la kale lililofukiwa. Mzigo ungeongezwa, upande mmoja ungeshuka na wa pili ungebaki, na ukuta ungepasuka kati yao, juu ya vichwa vya watoto wetu. Basi tulijenga vyumba viwili pembeni, kila kimoja na msingi wake. Wajukuu wa yule mzee wanasoma humo.

Wazazi wetu, hatuwaambii kwamba miaka miwili ni mepesi. Baba wa kijana yule aliibeba kwa taabu, na sisi tuliokuwa tukimwona kila siku msikitini hatukumsaidia ipasavyo. Hilo ni deni letu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kijana wa aina hii akitokea tena, mzigo wa nyumbani kwake usiachwe juu ya nguzo moja, tuugawane.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na ujasiri wa kusema "sijui" mahali panapostahili. Amin.