Kutoka New York Kurudi Harare: Safari ya Saki Mafundikwa na Kazi Inayotusubiri



Nimeombwa nizungumzie safari ya mbunifu wa grafiki na kazi zake. Ningeweza kumchukua mmoja wa wale wanaotajwa kila muhula vyuoni mwetu, Mmarekani au Mswisi, na picha zake zingependeza ukutani. Nimemchagua Mzimbabwe, Saki Mafundikwa. Alipita shule zile zile tunazozitamani, akafanya kazi katika jiji lile lile tunaloliota, kisha akageuza njia.

Mafundikwa alizaliwa mwaka 1955, nchi yake ikiwa bado Rhodesia ya Kusini. Alisoma Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Indiana, halafu Yale, alikochukua shahada ya uzamili ya usanifu wa grafiki. Akafanya kazi New York, akafundisha Cooper Union. Kwa macho ya wengi wetu huyo ni mtu aliyekwisha kufika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akafunga virago, akarudi Harare, na mwaka 1999 akaanzisha ZIVA, shule ya kwanza ya usanifu wa grafiki na habari za kidijitali nchini mwake.

Wakati wenyewe tunaukumbuka. Uchumi wa Zimbabwe ulianguka katika muongo uliofuata, hata mnamo Januari 2009 Benki Kuu ikatoa noti ya dola trilioni 100, na miezi michache baadaye sarafu hiyo ikaachwa. Shule inayotegemea kompyuta, umeme na ada za wazazi ilipaswa kuishi humo. Mafundikwa alibaki. Mwaka huo huo wa 2009 alitoa filamu ya hali halisi, Shungu, kuhusu wananchi wa kawaida na namna walivyokuwa wakiihimili hali ile. Nataja haya kwa wenzangu wanaosema watafungua studio mambo yakitulia.

Lakini kilichomtambulisha duniani ni kitabu. Mwaka 2004 alitoa Afrikan Alphabets, zao la utafiti wa miaka mingi juu ya mifumo ya maandishi iliyobuniwa na Waafrika. Humo mna alama za Adinkra za Waakan wa Ghana, mna Nsibidi ya eneo la Mto Cross nchini Nigeria, mna herufi za Ethiopia, na mna maandishi ya Kivai yaliyobuniwa Liberia na Momolu Duwalu Bukele katika miaka ya 1830. Mtaalamu wa isimu angekisoma kitabu hicho kwa namna yake, na pengine angekuwa na ya kulalamikia, kwa kuwa baadhi ya alama hizo si maandishi kwa maana anayoitaka yeye. Mafundikwa aliziangalia kwa jicho la mbunifu: umbo, uzito wa mstari, nafasi iliyoachwa wazi, kilichorahisishwa na kilichobakizwa.

Katika mifano yake yote, unaonigusa zaidi ni wa Sultani Ibrahim Njoya wa Wabamum, huko Foumban, Kamerun. Mnamo mwaka 1896 hivi Njoya aliwataka watu wake wachore vitu mbalimbali na kuvitaja majina, akakusanya michoro yao na kutengeneza mfumo wa alama zaidi ya 500. Mfumo ulikuwa mzito kujifunza. Akaupunguza. Akaupunguza tena, picha zikawa alama, alama zikabeba sauti, hata ilipofika mwaka 1910 hivi zikabaki takriban 80. Alifungua shule za kufundishia maandishi hayo, akaandikisha historia ya watu wake, na akajaribu hata kutengeneza herufi za shaba za kuchapia. Wafaransa, baada ya kuitwaa nchi, walimnyang'anya madaraka, wakampeleka uhamishoni Yaoundé mwaka 1931, na huko akafa mwaka 1933.

Wenzangu, hiyo ndiyo kazi yetu. Rasimu ya kwanza yenye kila kitu, kisha miaka ya kupunguza. Njoya hakuwa na mteja aliyemsumbua kwa simu usiku, nakubali, lakini alikuwa na watumiaji walioshindwa kusoma, na aliwasikiliza. Na kazi ya namna hiyo haikupotea: herufi za Kivai ziliingizwa katika Unicode, kiwango cha herufi za kompyuta, mwaka 2008, na za Kibamum mwaka 2009, kwa hiyo simu au kompyuta yenye fonti zake inaweza kuzionyesha leo.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo nina ugomvi kidogo.

Mteja akituambia, "Tia kitu cha Kiafrika hapo," tunatia ngao, au mgunga na jua linalozama, au milia ya pundamilia pembeni mwa nembo. Kazi inakwenda, hela inaingia. Sioni kwamba tofauti kati ya hayo na picha za kadi za watalii ni kubwa. Na akija mwenzetu aliyesikia habari za Adinkra, hunakili alama moja kutoka kwenye intaneti, akaibandika juu ya jina la benki ya akiba ya wanakijiji wa Mtwara. Huko nako ni kuazima pambo tu. Ninachokiona mimi katika kazi ya Mafundikwa ni kuuliza umbo limetoka wapi. Alama za Adinkra huchongwa kwenye kipande cha kibuyu, huchovywa rangi, hugongwa kwenye kitambaa kilichopigwa mistari ya mraba kwa kifaa kama kitana. Mviringo wake na wingi wake ni matokeo ya kibuyu na mkono. Ukiujua mchakato unaweza kubuni kitu chako. Ukilijua umbo tu, utanakili.

Tujiulize basi swali hilo kuhusu kanga. Kila mmoja hapa anajua pindo, mji na jina. Wangapi tumekaa tukaichambua kama ukurasa? Pindo hufunga pande zote nne, mji hubeba picha, na jina, yaani maneno yake, hukaa ndani ya kisanduku chini ya mji, karibu na pindo. Mahali hapo pamefikiriwa: nguo ikifungwa, maneno yanaangukia pale jicho la anayekuja nyuma litakapofika. Herufi ni kubwa, nene, hazina madaha, kwa sababu msomaji anatembea na anayesomwa naye anatembea. Mbunifu wa bango la barabarani ana tatizo lile lile, na mara nyingi analitatua vibaya zaidi, kwa fonti nne na namba za simu tano.

Kuna hazina nyingine ambayo tumeigusa kidogo mno. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Zipo barua kutoka Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa. Herufi hizo, zilivyopokewa, hazikuwa na p, v, g wala ch, na hazikutenganisha e na i, au o na u. Waandishi wa pwani walilitatua hilo kila mmoja kwa namna yake. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, alilishughulikia kwa utaratibu, akaweka alama za kutofautisha sauti ambazo Kiarabu hakikuzihitaji. Katika fani yetu kazi hiyo huitwa kusanifu herufi, na sijapata kusikia jina lake likitajwa katika darasa la usanifu.

Hapa Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu inahifadhi miswada ya Kiswahili ya hati ya Kiarabu. Wanafasihi wanaijua njia ya kuingia humo. Sisi hatujabisha hodi.

Kwa hiyo ombi langu kwa semina hii ni dogo na linatekelezeka. Tuunde kikundi cha wabunifu wawili au watatu wanaopenda herufi, tumtafute msomi mmoja wa miswada atuongoze, na tuombe ruhusa ya maktaba kupiga picha kurasa chache. Lengo liwe fonti moja ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, yenye alama zote zinazohitajika, itakayotolewa bure kwa walimu na wachapaji. Aliye tayari aandike jina lake kwenye karatasi iliyopo mezani kwa katibu kabla hatujakwenda kula.