Klima ya gari yetu
(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira)



Tunaanza na gari kwa sababu ndiyo munatuuliza kila siku njiani: franga za klima zilienda wapi?

Ile Land Cruiser ni ya 1990. Inatoa wagonjwa Makobola na kuwafikisha hospitali ya Uvira. Kiangazi, vumbi inatulazimisha kufunga madirisha, na ukifunga bila klima, mama mwenye homa anapikwa ndani. Hiyo si anasa.

Gari za miaka ile zilikuja na gazi R12, inayoharibu ozoni. Kufuatana na Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwisho wa 1995, na nchi kama yetu 2010. Kwa hiyo kuhamia R134a ilikuwa lazima, hatujutii. Tunajutia namna tulivyofanya.

Fundi alisema: natoa ya zamani, natia mpya, dola 60, saa moja tu. Tukaweka sahihi. Wiki tatu baridi ilikuwa safi, hata dereva akavaa koti, mukamucheka. Halafu ikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu, kompresa ikalia, na siku moja ikakwama kabisa, mkanda ukakatika, mgonjwa akiwa ndani.

Tukavuka Kavimvira mpaka kwa fundi mwingine, Bujumbura. Akafungua kompresa mbele yetu: kavu, na unga wa chuma unang'aa sawa na ndakala juu ya mchanga. Kumbe mafuta ya zamani yanapatana na R12, lakini na R134a hayachanganyiki. Yanalala katika mabomba, hayarudi kwenye kompresa, nayo inajisaga. Ilitakiwa kuyasafisha, kutia mafuta ya esta, kubadilisha chupa ya kukausha unyevu, kuvuta hewa yote kwa pampu, ndipo gazi, tena pungufu: karibu 80 mpaka 90 kwa mia ya kipimo cha zamani. Na chini ya boneti ibandikwe karatasi ya kuonyesha gazi na mafuta. Yetu haikuwa na karatasi yoyote. Hapo tungeshtuka.

Kosa ni letu, komite. Hatukuuliza hata: mafuta gani? Dola 60 tumeziandika hasara, hatukuzificha ndani ya matengenezo.

Kompresa ya okazyo imeonekana, mtunza hazina atawasomea bei. Anayeona afadhali tununue matairi kwanza, aseme leo, tuhesabu mikono.