Bandari ya Lamu na Mfugaji wa Banissa

Wasikilizaji, kutoka Banissa hadi Lamu ni mwendo wa zaidi ya maili 400. Mfugaji anyweshaye ngamia wake kule mpakani huenda asiiwaze bahari hata siku moja. Walakini mambo ya bandari ile yamhusu.

Lamu ni mji wa kale, nao uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni yalifika huko kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa kusi yamepakia boriti za mikoko, pembe na ngozi. Lakini meli kubwa za siku hizi zahitaji maji yenye kina kirefu. Kwa hiyo bandari mpya ikajengwa upande wa bara, huko Kililana penye Ghuba ya Manda. Kazi ilizinduliwa Machi 2, 2012, na gati la kwanza, lenye urefu wa mita 400, likafunguliwa Mei 20, 2021. Shabaha yake ni kuunganisha bahari na Garissa, Isiolo, Moyale, Ethiopia na Sudan Kusini.

Faida hiyo haikuja bure. Wavuvi wengi wa Lamu walipoteza mahali pao pa kuvulia. Hawakurusha mawe, walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Yafaa mfugaji alitie jambo hilo moyoni. Barabara kuu hupita malishoni, na ardhi isiyoandikishwa ni shida kuidai. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yawapa wenyeji njia ya kuiandikisha mapema.

Jambo la pili ni afya ya mifugo. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwaka 2006 katika sehemu za Garissa, watu walikufa, na biashara ya mifugo ikasimamishwa. Mnunuzi wa ng'ambo hapokei mnyama mwenye shaka. Mbuzi asiyechanjwa atarudishwa, hata kama meli imengoja gatini.

Bandari ni mlango tu. Anufaikaye ni yule aliyejiweka tayari kabla haujafunguliwa: ardhi yake imeandikwa, na wanyama wake ni wazima. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.