Kifua Kikuu na Mshahara wa Mgonjwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kifua kikuu. Sisi si madaktari. Kazi yetu ni reli, na masomo yetu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini waliyoyavumbua madaktari yameandikwa wazi, na jambo moja kubwa lilivumbuliwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Zamani watu wengi walidhani ni ugonjwa wa ukoo, kwa kuwa waliuona ukipita katika nyumba moja, mtu baada ya mtu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alionyesha kwamba unaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Mdudu huyo hutoka na kikohozi cha mgonjwa, huelea hewani, na mtu mwingine humvuta. Haambukizi kwa kikombe wala sahani. Basi kumtengea mwenzetu kikombe chake katika landi ni kumwaibisha bure. Afadhali tufungue dirisha.

Tena si kila amvutaye huugua. Katika watu 100 wenye mdudu huyu mwilini, ni 5 mpaka 10 tu watakaougua maishani mwao. Mdudu hulala akingoja mwili upungukiwe na nguvu: kwa njaa, kwa virusi vya UKIMWI, kwa ugonjwa wa sukari, kwa pombe nyingi, na kwa vumbi la mawe. Hili la vumbi tulisikie vizuri, maana wako kati yetu wanaopakua kokoto, na wanaosafisha chuma kwa mchanga unaorushwa kwa mashine. Vumbi hilo hulijeruhi pafu, na pafu lenye jeraha la namna hiyo humpokea mdudu upesi.

Sasa dawa. Mwaka 1943 huko Marekani ilipatikana streptomaisini. Waingereza wakaijaribu kwa wagonjwa 107, wakatoa habari mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa sindano, na 52 walilazwa kitandani tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 wa sindano, na 14 wa kitanda. Kila mtu akafurahi. Lakini ilipotimia miaka mitano, wa sindano waliokufa walikuwa 32, na wale wengine 35. Faida karibu yote imekwisha! Sababu ni kwamba dawa moja peke yake huwaua wadudu wengi, ikawaacha wachache wasioisikia, na hao wachache huzaana wakajaa. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa hupewa dawa nne pamoja kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Zikimgeuza mkojo kuwa mwekundu asiogope, ni rangi ya dawa. Macho yakiwa ya manjano, hapo arudi kwa daktari siku ile ile.

Hiyo miezi sita ndiyo kazi iliyofanywa kwetu. Zamani mgonjwa alimeza dawa mwaka mmoja na nusu, na wengi walichoka njiani. Madaktari wa Afrika ya Mashariki pamoja na wa Uingereza walipima dawa za miezi sita katika hospitali zetu, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba zaweza kuponya. Kabla ya hapo, mwaka 1959, jaribio la Madras huko India lilikuwa limeonyesha kwamba mgonjwa anayemeza dawa nyumbani hupona karibu sawa na aliyelazwa, na watu wa nyumba yake hawaugui zaidi.

Basi dawa zipo, na katika hospitali za serikali hapa Kenya hazilipiwi. Kwa nini mtu huacha katikati? Tunaye mwenzetu, genge lake hatulitaji. Alimeza miezi miwili, kikohozi kikakoma, na siku za ruhusa yenye malipo zilikuwa zimekwisha zamani. Saa ya kliniki ni saa ya kazi. Akachagua kazi, maana watoto hawali vidonge. Aliporudi hospitali mdudu hakuisikia tena dawa ya kwanza. Alitibiwa kwa sindano za kila siku, na masikio yake hayakupona mpaka leo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali vidonge vya miezi sita kwa wengi wa namna yake, lakini masikio ndiyo yameshakwenda.

Sheria ya Kazi ya 2007 inampa mgonjwa siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu katika mwaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Pigeni hesabu wenyewe: siku 14 kwa ugonjwa wa miezi sita.

Na chakula nacho ni dawa, si maneno ya wapishi. Katika jimbo la Jharkhand, India, wagonjwa walipewa chakula kila mwezi, na nusu ya jamaa zao wakapewa wali, dengu na vitamini. Habari zilitolewa 2023: katika jamaa waliopewa, wagonjwa wapya walipungua karibu 40 katika kila 100. Wale wagonjwa walioongeza uzito mapema walikufa wachache zaidi. Mshahara ukikatwa, chakula hicho hukatwa nacho.

Kwa hiyo twaomba katika mkataba ujao mwenye kifua kikuu alipwe mshahara kamili mpaka daktari aseme anaweza kazi, aruhusiwe saa za kliniki bila kukatwa, na akirudi na pafu lenye makovu, maana wengine hubaki wakihema hata baada ya kupona, apewe kazi nyepesi kwa mshahara ule ule. Wa vumbi wapigwe picha ya kifua kila mwaka, na maji ya kulaza vumbi yaletwe.

Katibu anayo karatasi ya kuandika magenge yanayofanya kazi penye vumbi. Tuipitishe kabla ya chai.